Mama Mkwe Hushinda Karata Kila Mara: Je, Ni Bahati, Kanuni au Ujuzi?

Ndugu Mshauri,

Natumaini u mzima. Ninaandika kuhusu jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, lakini nyumbani kwetu limeanza kuwanyima watu raha. Kila mwisho wa juma familia ya mume wangu hukutana, na jioni tunacheza karata, mchezo ule wa Nane. Kila mtu hugawiwa karata tano, na kwa zamu hutupa karata inayolingana na iliyo mezani kwa aina (kopa, uru, shupaza au pau) au kwa namba. Karata ya 8 hutupwa wakati wowote, na anayeitupa hutaka aina anayoipenda. Asiye na karata ya kutupa huokota, na anayemaliza karata zake kwanza ndiye mshindi. Nimeucheza mchezo huu tangu utotoni, kwa hiyo nilidhani sitakuwa mgeni mezani.

Nimekuwa mgeni. Kwetu, mtu akitupa 2, anayefuata huokota mbili na mambo yanaishia hapo. Hapa, anayefuata akiwa na 2 anaiweka juu ya ile ya kwanza na mzigo unasogea mbele, na hivi karibuni uliniangukia mimi nikaokota karata nane kwa mkupuo mmoja. Nilipolalamika, wifi yangu alisema hiyo ndiyo kanuni, na nilipomwuliza imeandikwa wapi, hakunijibu. Tena kwetu asiye na karata inayofaa huokota moja na kupitisha zamu, lakini hapa huokota mpaka apate.

La pili ni la mama mkwe. Ninamheshimu kama mama yangu mzazi na sitaki kumdhania vibaya, lakini hushinda duru nyingi mno. Nimeona kwamba mara nyingi karata yake ya mwisho ni 8, na kwamba anapotaka aina, karibu kila mara huitaka ile ambayo mume wangu, anayekaa baada yake, hana. Mume wangu husema ni bahati tu.

Halafu kuna mwanangu mwenye umri wa miaka 7, ambaye hulia akishindwa. Wifi yangu humwachia ashinde makusudi, dada yake mkubwa amegundua na kumcheka, na sasa hataki kushika karata kabisa. Mwisho, baba mkwe anasisitiza kwamba mtu haruhusiwi kumaliza kwa 8, na mama mkwe anasema anaruhusiwa. Nani ana haki katika haya yote, na mimi nifanyeje ili nishinde angalau mara moja moja bila kuonekana mkwe mgomvi?

Mkwe Asiyeshinda

*

Dada yangu,

Nianze na mama mkwe, ingawa wewe umemweka katikati ya barua kwa adabu, kwa kuwa ukishaelewa anavyocheza, hata ubishi wa kanuni utautazama kwa jicho jingine. Katika yote uliyoyaeleza sioni dalili hata moja ya udanganyifu. Ninachokiona ni mchezaji anayefanya mambo mawili ambayo wenzake mezani hawayafanyi: anaitunza 8 yake, na anakumbuka nani aliokota wakati gani.

Mume wako hajakosea kabisa anapoitaja bahati. Pakiti ina karata 52 ukishaziondoa joka. Tuseme iliyo mezani ni 6 ya kopa. Katika karata 51 zilizobaki, kopa ni 12, namba 6 za aina nyingine ni tatu, na 8 ambazo si za kopa ni tatu, jumla karata 18 zinazokubalika. Hiyo ni zaidi kidogo ya karata moja katika kila tatu, na ndiyo sababu mtu aliyegawiwa karata tano hukosa kabisa ya kutupa mara moja tu katika kila kumi hivi. Wepesi huu ndio unaowafanya wengi waamini kwamba mchezo hauhitaji akili, kwani karibu kila mara ipo karata inayofaa, nao hutupa ya kwanza inayowajia machoni. Lakini hesabu ileile inaonyesha kwamba mwanzoni mwa duru, katika zaidi ya nusu ya nyakati, mchezaji huwa na karata mbili au zaidi zinazofaa. Bahati inakuletea karata. Kuchagua itakayotangulia na itakayobaki ni kazi yako, na hapo ndipo mama mkwe anapowaacha nyuma.

Tuitazame 8. Tuseme umebakiwa na karata mbili, 8 ya uru na J ya pau, na iliyo mezani ni pau. Wachezaji wengi huanza na 8, wakaitaka pau, wakitumaini zamu ikirudi watamaliza kwa J. Kama mnacheza watu wanne, kati ya zamu yako na zamu yako ijayo kuna watu watatu, na yeyote kati yao akibadili aina kwa kutupa namba inayolingana, J yako inakwama na unaanza kuokota upya. Sasa igeuze: tupa J kwanza, ubaki na 8. Chochote kitakachokuwa mezani zamu itakaporudi, 8 inakubalika, na umemaliza. Anayeweza kukuzuia ni yule tu atakayemaliza kabla yako au atakayekurushia 2. Uliyoyaona kwa mama mkwe ndiyo haya: si kwamba 8 humjia mwishoni kwa miujiza, bali ilimjia mapema kama inavyowajia wengine, naye akaiweka pembeni huku akitupa nyingine zote.

Kuitunza huko kuna gharama, na hapa ndipo utakapohitaji kujua kama mnacheza kwa pointi au kwa kushinda duru moja moja. Katika hesabu ya kawaida, karata zinazobaki mikononi mwa walioshindwa huhesabiwa hivi: 8 ni pointi 50, karata za picha, yaani J, Q na K, ni 10 kila moja, ree, yaani A, ni 1, na nyingine ni namba yake. Anayeshikwa na 8 mkononi basi ameumia sawasawa na aliyeshikwa na karata tano za picha. Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu kuitunza 8 unabadilika pale mchezaji mwingine anapotangaza kuwa amebakiwa na karata moja. Kama wewe una mbili, endelea kuitunza, kwani bado unaweza kumtangulia. Kama una nne au tano, huna matumaini ya kumaliza kabla yake, kwa hiyo itupe mara moja, utake aina ambayo unadhani hana, na ujiondolee zile pointi 50. Mkiwa hamhesabu pointi, woga huu hauna maana, na 8 ni ya kutunzwa karibu siku zote.

Ipo faida nyingine ya 8 ambayo watu wachache huiona. Karata ya kawaida inapokuwa mezani, zinazokubalika ni 18, kama tulivyohesabu. Baada ya 8, namba haisaidii tena, na kinachokubalika ni aina iliyotakwa pamoja na 8 nyingine, yaani karata 15. Tofauti ni ndogo, lakini ni tofauti inayomwelemea anayekufuata kila mara, na anayekufuata ndiye unayemwona vizuri zaidi. Ndiyo maana mama mkwe, kama unavyosema, humsumbua mwanawe kuliko wengine. Wala hamchukii, mwanawe ndiye aliyekaa mahali pabaya.

Tuje kwenye kumbukumbu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya mchezo huu. Mtu anapookota wakati mezani kuna shupaza, amewatangazia nyote mambo matatu kwa mpigo: hana shupaza hata moja, hana namba iliyoonekana pale, na hana 8. Hakuna njia ya kuficha habari hii, isipokuwa kama kanuni zenu zinamruhusu mtu kuokota hata akiwa na karata inayofaa. Na hapa kuna jambo litakalokushangaza: ile kanuni ya familia ya mume wako ya kuokota mpaka upate humsaidia zaidi mwenye kumbukumbu. Tuseme mume wako anatafuta shupaza, anaokota karata tatu, na ya tatu inafaa, anaitupa. Zile mbili za kwanza zimeingia mkononi mwake, nanyi nyote mnajua kwamba si shupaza wala si 8, la sivyo angezitupa. Hata baada ya kuokota bado hana shupaza, na mama yake analijua hilo kwa uhakika wote. Zamu mbili baadaye, anapotupa 8 na kuitaka shupaza, mwanawe hudhani ameonewa na bahati, kumbe alijieleza mwenyewe.

Huhitaji kukumbuka karata zote 52, na anayejaribu huchoka kabla ya duru ya tatu. Mkumbuke mtu mmoja tu, yule anayekaa baada yako, na jambo moja tu kumhusu: aina ya mwisho iliyomfanya aokote. Ukipata nafasi ya kutaka aina, au ya kuchagua kati ya karata mbili zinazofaa, mpelekee hiyo. Akiokota tena wakati mezani kuna aina nyingine, kumbuka ile ya zamani kwa tahadhari zaidi, kwani karata mpya zilizoingia mkononi mwake huenda zikawa za aina ile. Takriban moja katika kila tatu itakuwa hivyo. Habari huzeeka katika karata kama zinavyozeeka kwingineko.

Kuhusu kuchagua karata ya kutupa, nitakupa mfano mmoja unaotosha. Mkononi una 9, 4 na K za kopa, 9 ya shupaza, na 2 ya pau. Iliyo mezani ni 9 ya uru. Zinazofaa ni zile 9 mbili. Anayecheza bila kufikiri atatupa 9 ya shupaza ili kopa zake zibaki pamoja. Nafikiri hilo ni kosa kwa sababu mbili. Kwanza, utakuwa umeipeleka meza kwenye shupaza wakati huna shupaza nyingine. Pili, utabaki na kopa tatu na pau moja, yaani aina mbili tu, na zamu ikirudi wakati mezani kuna uru au shupaza utaanza kuokota, isipokuwa uokolewe na namba. Ukitupa 9 ya kopa badala yake, meza inakuwa ya kopa, ambayo bado unazo mbili, na mkononi una kopa, shupaza na pau. Kanuni ninayoifuata ni kuangalia karata zinazobaki badala ya ile inayoondoka: ziwe za aina nyingi na namba tofauti, ili zamu ikirudi uwe na mlango ulio wazi popote meza itakapokuwa imefika. Mkiwa wawili tu, kuipeleka meza kwenye aina uliyo nayo kwa wingi kuna uzito zaidi, maana kati ya zamu zako kuna mtu mmoja tu wa kuiharibu. Mkiwa watano, mpango huo mara nyingi huwa umevunjwa kabla hujapumua.

Pale ambapo karata mbili zinafaa sawasawa, tupa yenye pointi nyingi. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Sasa tuingie kwenye ubishi wa kanuni. Wifi yako hakujibu swali lako la kanuni imeandikwa wapi kwa sababu halina jibu. Mchezo huu ulijulikana huko Marekani kwa jina la Eights katika miaka ya 1930, na jina la Crazy Eights likaanza kutumika miaka ya 1940. Hauna mwenyewe, wala hauna chama kinachoweza kusimama na kusema hivi ni sahihi na hivi si sahihi. Katika umbo lake la msingi, karata yenye uwezo maalumu ni 8 peke yake. Kwa hiyo kanuni yenu ya 2 na kanuni yao ya 2 zote ni nyongeza zilizobuniwa na wachezaji, na hakuna familia kati ya hizo mbili inayoweza kudai kwamba ndiyo iliyobaki kwenye asili.

Hata pale ambapo mchezo una mwenyewe, amri zake hazifiki mbali. Chukua UNO, ambao ni ndugu wa karibu wa Nane. Ulibuniwa na kinyozi wa Ohio, Merle Robbins, mwaka 1971, na tangu 1992 unamilikiwa na kampuni ya Mattel. Mwaka 2019 waendeshaji wa mchezo huo walitangaza hadharani kwamba mtu akitupiwa karata ya kuokota nne anapaswa kuziokota na kupoteza zamu yake, bila kuweka nyingine juu yake ili kumsukumia jirani. Wachezaji wengi walilipinga tangazo hilo waziwazi na kusema wataendelea kucheza kama walivyozoea. Ikiwa mwenye mchezo mwenyewe hakuweza kuwaamulia, wewe na wifi yako msitarajie kwamba kitabu fulani kitawaamulia.

Kinachowezekana ni kuzipima kanuni kwa matokeo yake. Kurundika 2 kunaleta vicheko na hofu, na kunaifanya 2 iwe kinga: mwenye nayo huitunza ili siku mzigo ukimjia aupitishe. Huo ni utamu wa kweli, na sioni sababu ya watu wazima kujinyima. Lakini duru inayoanza na karata tano haibebi vizuri adhabu ya karata nane. Aliyezipata ametoka mchezoni kwa hakika, huku akilazimika kuendelea kukaa mezani na kutupa karata zisizo na matumaini. (Kulikuwa na faraja moja ambayo huenda hukuiona ulipookota nane: 2 zote nne zilikuwa zimekwisha kutoka, na mpaka fungu lichangwe upya hakuna ambaye angeweza kukurushia nyingine.) Ningependekeza mkubaliane kwamba 2 moja inaweza kuwekwa juu ya nyingine mara moja tu, ili mzigo mkubwa kuliko yote uwe karata nne. Familia ya mume wako itabaki na mchezo wake, nawe hutaokota nane tena.

Kuokota mpaka upate ndiko ninakokupinga zaidi, na si kwa sababu ni kanuni yao. Kwa kuwa karata inayofaa ni kama moja katika kila tatu, mtu asiye na ya kutupa ataokota kwa wastani karata zipatazo tatu, na mara nyingine sita au saba. Duru hurefuka, mikono ya watoto hushindwa kushika, na mwenye kumbukumbu nzuri huzidi kuwaacha wenzake kwa sababu niliyoieleza. Kuokota moja na kupitisha zamu, kama mlivyofanya kwenu, kuna kasoro ya kinyume: duru huenda haraka, lakini mtu anaweza kukaa zamu tatu bila kutupa chochote. Njia ya kati, ambayo inatumika katika familia nyingi, ni kuokota zisizozidi tatu. Ukikosa hata baada ya hizo, zamu inapita.

Namna ya kulileta jambo hili ni muhimu kuliko jambo lenyewe. Usilianzishe ukiwa umeshika karata nane mkononi, maana hata hoja ya haki itaonekana ni kilio cha aliyeshindwa. Liseme kabla karata hazijachangwa, na ulilete kama ombi kwa mama mkwe: mwombe yeye, kama mchezaji bora wa nyumba, aeleze kanuni zote tangu mwanzo ili wewe uziandike. Mtu anayeeleza kanuni kwa sauti hugundua mwenyewe mahali zinapogongana, na hapo ndipo utakapoweza kusema kwa upole kwamba kwenu mlifanya vingine na kuuliza kama mnaweza kujaribu kwa jioni moja. Karatasi hiyo haihitaji mambo mengi. Iandikwe ni karata ngapi hugawiwa, tano mkiwa watatu au zaidi na saba mkiwa wawili. Itafanywaje ikiwa karata ya kwanza kufunuliwa ni 8, ambapo kawaida hurudishwa katikati ya fungu na kufunuliwa nyingine. Mtu huokota ngapi. Fungu la kuokotea likiisha itakuwaje, ambapo njia rahisi ni kuiacha karata ya juu mezani na kuchanga zile za chini yake. Na asiyetangaza karata yake ya mwisho ataadhibiwa vipi. Mkizidi sita, changanyeni pakiti mbili. Kisha muwe na desturi moja zaidi, ambayo itamsaidia mume wako kuliko ushauri wowote: badilisheni mahali pa kukaa kila baada ya duru chache, ili asiwe yeye peke yake anayemfuata mama yake.

Mwanao wa miaka 7 ana haki ya kukasirika, ingawa si kwa sababu anayoifikiria. Ninaamini kinachomwumiza si kushindwa, bali ni kugundua kwamba ushindi wake ulikuwa wa kutengenezwa, tena kugundua kupitia kicheko cha dada yake. Wifi yako alifanya kwa huruma, lakini mtoto wa umri huo huona mtu mzima anapookota huku ana karata inayofaa. Kinachofaa ni kumpunguzia mzigo waziwazi, mbele ya wote, na kwa kanuni inayojulikana: yeye agawiwe karata nne wengine wakigawiwa tano, na akishinda duru mbili mfululizo arudi kwenye tano. Akishinda, ameshinda kweli kwa kanuni zilizotangazwa, na dada yake hana la kumcheka. Jioni ya kwanza au ya pili chezeni naye karata zikiwa wazi mezani, za kila mtu, mkiulizana kwa sauti ipi itupwe na kwa nini. Mtoto hujifunza haraka zaidi akiona jinsi mtu mzima anavyochagua kuliko akielezwa. Kwa mtoto huyu msihesabu pointi kwanza. Kushindwa duru moja ni jambo dogo linalofutwa na duru inayofuata, lakini pointi zilizoandikwa hukua na kumkodolea macho jioni nzima.

Limebaki swali la kumaliza kwa 8. Kanuni ya msingi inaruhusu, kwa hiyo mama mkwe yuko upande wa wengi. Lakini kukataza ni tofauti inayojulikana, na baba mkwe hakuibuni mezani ili kumzuia mkewe, ingawa sishangai kwamba yeye ndiye anayeisisitiza. Elewa kwamba kanuni hii ikibadilika, karibu kila nilichokueleza juu ya kuitunza 8 kinageuka kichwa chini: 8 iliyobaki peke yake mkononi inakuwa kifungo badala ya ufunguo, kwani huwezi kuitupa mpaka uokote nyingine, na wakati mzuri wa kuitumia unakuwa pale unapobakiwa na mbili, ukitaka aina ya ile nyingine. Mama mkwe atapoteza silaha yake kubwa, nawe ambaye unaanza kuijua utaipoteza pamoja naye. Ningekuwa mezani kwenu ningepiga kura ya kuiruhusu, kwa kuwa kupanga mwisho wa duru mapema ndiyo sehemu ya mchezo inayolipa fikra zaidi. Mkiikataza, basi amueni jioni hiyohiyo kuhusu 2 pia, kwa sababu ubishi utakaofuata ni huo: mtu akimaliza kwa 2, semeni mapema kama anayemfuata ataokota mbili kabla ya pointi kuhesabiwa au la.